Unyevu Ulio Chini ya Boneti: Nozeli Zinazovuja na Amana ya Gari Kuukuu

Mtae imekaa ukingoni mwa milima ya Usambara ya Magharibi. Mtu akisimama mwisho wa kijiji huona mbuga za Mkomazi zimelala mbali chini ya miguu yake, na mbingu zikiwa safi huweza hata kuuona Mlima Kilimanjaro. Nyuma yake barabara, sehemu kubwa ikiwa ya udongo, hupinda kupitia Sunga, Lukozi na Magamba hadi Lushoto mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi. Wakati wa masika mwendo huo haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa saa, na kwa idadi ya mara ambazo abiria wameshuka kusukuma.

Mahali kama hapo gari la dizeli lililozeeka si pambo la uani. Ndilo linalobeba viazi na kabichi kwenda mnadani, ndilo linaloamshwa usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu, na ndilo linalochukua maiti kutoka hospitali kumrejesha kwao azikwe na jamaa zake. Familia tuliyoizuru Mtae ina gari la namna hiyo: Toyota Land Cruiser yenye nafasi ya mizigo nyuma, na injini ya silinda 6 ya aina ya 1HZ, ambayo kiwanda kilianza kuifunga katika magari hayo mwaka 1990. Tuliombwa tusitaje majina, nasi tumeheshimu ombi hilo. Tutamwita mwenye gari Mzee, mkewe tutamwita Bibi, na mtoto wao anayeliendesha tutamwita kijana.

Miezi michache iliyopita gari hilo lilianza kusumbua. Alfajiri, baridi ya Mtae ikiwa bado imeng'ang'ania, liliwaka baada ya kuzungushwa mara nyingi, likatoa moshi mweupe unaochoma macho, na injini ikawa inagonga kana kwamba kuna mtu ndani yake anapiga nyundo. Harufu ya dizeli iliingia mpaka walipokaa abiria. Kijana alipofungua boneti aliona unyevu mweusi umetanda juu ya injini, kuzunguka nozeli. Jambo la ajabu zaidi, alipochomoa kijiti cha kupimia oili alikuta oili imepanda kuliko alivyoijaza. Baadhi ya majirani walimpongeza kwamba injini yake haili oili.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alisikiliza kidogo, akasema zinunuliwe nozeli mpya 6, zote kwa pamoja. Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko mapato ya msimu mzima wa viazi. Mtu wa pili hakuwa fundi bali dalali, naye alikuwa na dawa nyepesi: injini ioshwe kwa petroli mpaka ing'are, oili nzito imwagwe ndani ili kupunguza mlio, gari literemshwe Mombo likauzwe kungali mapema. "Mzee wangu," alisema, "gari kuukuu ni gari kuukuu. Mnunuzi atajionea mwenyewe mbele ya safari."

Mzee alinyamaza. Bibi, aliyekuwa akimenya viazi barazani, ndiye aliyeuliza: "Na huyo atakayelinunua, atampeleka mke wa nani hospitali?"

Hakuna mwenye kusoma gazeti hili asiyejua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) kupita sokoni Madina, akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakutana na unyevu uliofichwa chini ya kilicho kikavu. Muuzaji alijitetea kwa mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu, watu wakauona, kisha akawatenga wadanganyifu na safu ya waumini. Tumekisikia kisa hicho katika hotuba nyingi za Ijumaa, na mara zote fikra zetu huenda kwenye mchele na mahindi. Hatukumbuki kusikia kikitajwa juu ya boneti la gari lililooshwa kwa petroli usiku wa kuamkia siku ya kuuzwa. Lakini unyevu ni uleule, na mahali ulipofichwa ni palepale: chini.

Mzee aliamua gari litengenezwe. Hapo ndipo kazi ilipoanza kwa haki, na tunaieleza kwa urefu kwa sababu tunaamini familia nyingi zenye magari ya namna hii hupoteza fedha, na pengine roho, kwa kutojua nozeli inavuja wapi.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli hupulizwa humo ikiwa kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Aliyeileta fikra hiyo ni Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa majaribio mwaka 1897. Injini za mwanzo zilihitaji mtambo mzito wa kugandamiza hewa ili kupuliza mafuta, hivyo hazikufaa kubebwa na gari dogo. Nafuu ilipatikana pale kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma dizeli mwaka 1927. Pampu hupima tone na kulisukuma, na nozeli hulipokea na kulitawanya.

Ndani ya nozeli mna sindano ya chuma iliyokaa katika ala yake, ikikandamizwa na springi. Dizeli inapofika kwa nguvu iliyokusudiwa, sindano huinuka, mafuta yakapulizwa, kisha hujifunga ghafla. Kazi hiyo hurudiwa mamia ya mara kwa dakika. Nafasi iliyopo baina ya sindano na ala ni elfu chache tu za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya mara kumi ya nafasi hiyo. Kwa hiyo kila sindano husuguliwa kiwandani pamoja na ala yake, na haifai kuhamishiwa ala nyingine. Fundi anayezifungua zote 6 na kuzimwaga katika bakuli moja ameziharibu kabla ya kuzigusa kwa spana ya pili.

Fundi aliyeifanya kazi hii ni mtu wa makamo aliyejifunza ufundi Tanga mjini kabla ya kurejea kwao milimani. Alipofika hakuuliza habari za nozeli mpya. Aliomba sabuni, maji ya moto na brashi. Aliosha juu ya injini, akaikausha kwa kitambaa, akaliwasha gari, kisha akasimama na kurunzi akitazama. "Siwezi kusema linavuja wapi," alimwambia Mzee, "mpaka nilione likivuja. Uchafu wa miaka 10 hauna ushahidi."

Kuna tofauti kati ya kuosha huku na kuosha kwa dalali, ingawa maji na sabuni ni yale yale.

Baada ya robo saa alionyesha sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa bomba jembamba la marejeo. Katika kila nozeli kiasi kidogo cha dizeli hupita kwa halali pembezoni mwa sindano, kikailainisha, kisha hurudi tangini kupitia bomba hilo lililofungwa juu ya nozeli zote. Chini ya nati zake mna wosha, na wosha mbili zilikuwa zimechoka. Huo ndio ulikuwa unyevu mwingi ulioonekana. Hakika ni kwamba uvujaji wa aina hii, ambao ndio unaotisha macho kuliko wote, ndio ulio rahisi kuliko wote kutengeneza. Lakini haufai kudharauliwa, kwani panapotoka dizeli gari likitembea ndipo panapoingia hewa gari likilala. Hewa ikishaingia, mafuta hurudi nyuma polepole usiku kucha, na alfajiri pampu hukuta bomba tupu. Familia inayoegesha gari lake kwenye mteremko, kama karibu kila familia ya Mtae, huliona tatizo hili mapema kuliko watu wa bondeni.

Sehemu ya pili ilikuwa chini ya nozeli ya tano, inapokaa juu ya silinda hedi. Hapo hapakuvuja dizeli bali moto. Kila pigo la injini lilitoa mlio mdogo wa "chu, chu", na kuzunguka shina la nozeli palikuwa na masizi meusi yaliyoganda kama lami. Wosha ya chini ilikuwa imekufa, na hewa ya moto ya silinda ikawa inapenya. Ukiiacha hivyo hula kikalio cha nozeli chenyewe, na siku ya kuifungua huwa imeganda isitoke ila kwa kuvunjwa.

Ya tatu haikuonekana kwa jicho. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fundi alilegeza kidogo nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya moja, akikaza ya kwanza kabla ya kuigusa ya pili. Silinda nzima ikinyimwa mafuta, injini hutetemeka na sauti hubadilika. Isipobadilika, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu awali. Kwa nozeli ya pili sauti haikubadilika ipasavyo, na kwa ya tano vilevile.

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Njia hiyo ni ya magari ya zamani yenye pampu ya kawaida. Magari mapya ya dizeli ambayo nozeli zake huamriwa na kompyuta huwa na shinikizo linalozidi baa 1,000 katika bomba, na kulegeza nati hapo injini ikiwa inafanya kazi ni kujitafutia maangamizi. Hata kwa gari kuukuu, usipapase bomba kwa kidole ukitafuta panapovuja. Ukungu wa dizeli unaotoka kwa nguvu hupenya ngozi kama sindano ya hospitali. Kidonda huonekana kidogo, pengine hakiumi kwa saa ya kwanza, ilhali mafuta yamekwisha kusambaa ndani ya nyama, na waliochelewa kufika kwa daktari wa upasuaji wamekatwa vidole au mkono. Tumia kipande cha karatasi ngumu. Na watoto, ambao hupenda kusimama kumzunguka fundi, waondolewe.

Nozeli zote 6 zilifunguliwa, kila moja ikafungwa katika kitambaa chake na kuandikwa namba, matundu yakazibwa kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi. Bibi alitoa kopo la maziwa ya unga, nozeli zikapangwa humo. Fundi hakuwa na mashine ya kuzipimia, na alisema hivyo waziwazi. Tulilipenda neno hilo. Wapo mafundi wanaozipima nozeli kwa kuzipuliza kwa mdomo au kwa kuzitazama dhidi ya mwanga, kisha wakatoa hukumu. Kijana akapanda basi la alfajiri na kopo lake mapajani, akateremka Lushoto, akateremka Mombo, akaendelea hadi Tanga kwa fundi pampu.

Mashine ya kupimia si kubwa: ni pampu ya mkono, geji ya shinikizo, na chombo cha kioo cha kupokea ukungu. Nozeli hufungwa, mkono hushushwa, na mambo matatu hutazamwa. Kwanza, inafunguka kwa shinikizo gani. Kwa injini za zamani zenye chumba kidogo cha kuanzia moto, kama hii, nozeli nyingi hufunguka baina ya baa 110 na 150 hivi, na kila gari lina kipimo chake kitabuni. Injini zinazopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni huhitaji zaidi, aghalabu kuanzia baa 175 na kuendelea. Pili, ukungu wake ukoje: uwe mwembamba, ulionyooka, unaokatika ghafla, na si mkojo wa mtoto. Tatu, na hili ndilo jambo letu, shinikizo likishikiliwa chini kidogo ya lile la kufungukia kwa sekunde 10, ncha ya nozeli ibaki kavu. Ikidondosha tone, sindano haikai vizuri kwenye kikalio chake.

Tone hilo ndilo lililokuwa siri ya gari la Mtae. Dizeli inayodondoka badala ya kupulizwa haiungui yote. Nyingine hutoka kama moshi mweupe, nyingine huwaka wakati usio wake na kugonga, na nyingine huteremka ukutani mwa silinda, ikaosha oili iliyolainisha pistoni, ikaingia chini pamoja na oili. Ndiyo sababu kijiti kilionyesha oili imepanda. Haikuwa baraka kamwe. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, na bearingi za injini huliwa kimyakimya. Tone likiendelea kuwaka mahali pamoja juu ya pistoni, huweza kuitoboa, na hapo hesabu si ya nozeli tena bali ya kuifungua injini nzima.

Majibu yaliyorudi Mtae yalikuwa hivi: nozeli 3 zilihitaji kusafishwa tu, 1 ilihitaji kurekebishwa shinikizo kwa kubadilishiwa kishimu kilicho chini ya springi, na 2, ya pili na ya tano, zilihitaji ncha mpya. Ncha mpya 2, si nozeli mpya 6. Wosha zote, za juu na za chini, zilinunuliwa mpya. Gharama yote pamoja na nauli haikufika nusu ya ile iliyotajwa mwanzo, na kijana alirudi na ncha za zamani mfukoni kwa sababu fundi wa Mtae alimwagiza azidai. Tungependa huo uwe mtindo wa kila gereji: mteja akabidhiwe kilichotolewa, hata kama atakitupa.

Kwa wosha tuna neno. Desturi ya kuichoma wosha ya shaba mpaka iwe nyekundu, kisha kuitumbukiza majini ili ilainike na kutumika tena, ni desturi ya kweli, na kwa bomba la marejeo huweza kumfikisha msafiri nyumbani. Kwa ile ya chini inayozuia moto wa silinda hatuishauri. Bei yake haifiki bei ya chai na andazi kwa watu wawili, na kosa lake hula silinda hedi.

Sindano hizo ziliharibikaje? Fundi pampu alionyesha alama za kutu. Maji. Vijijini dizeli nyingi hukaa katika madumu, na dumu lililoachwa wazi penye ukungu wa milimani hukusanya maji. Hayo yakitua chini ya tangi, filta iliyochakaa huyapitisha. Sababu nyingine inayojulikana nchini ni kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, yasiyolainisha pampu wala sindano ipasavyo. Uchakachuaji huo ulienea hata EWURA ikaanzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wanaochanganya. Qur'ani Tukufu ina sura nzima yenye jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Muuza dumu anayeongeza lita 2 za mafuta ya taa kwa kila 20 hapunji ujazo, hilo ni kweli, ila anapunja injini ya mwenzake, na hatuoni tofauti. Gari hili sasa limewekewa filta mpya, na kijana amefundishwa kufungua kidole cha chini ya filta kila baada ya wiki mbili ili maji yatoke.

Jambo jingine ambalo wenye magari wa milimani walijue kabla hawajamlaumu fundi: si kila moshi ni kosa la nozeli. Mtae iko juu ya mita 1,500, na hewa ya huko imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya Tanga ufukweni. Pampu iliyopimwa ufukweni humwaga mafuta yaleyale kwenye hewa pungufu, na gari lenye mzigo likipanda hutoa moshi mweusi kidogo hata likiwa zima. Moshi mweupe wa asubuhi unaochoma macho na kuendelea baada ya injini kupata joto ni habari nyingine. Plagi za joto, ambazo mafundi huziita hita, nazo zilipimwa. 1 ilikuwa imekufa.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliutia moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi hayo ili watu waogope barabara. Tunasema kwa sababu katika familia nyingi gari huwashwa mbele ya mlango na kuachwa liunguruma huku watoto wakinywa uji mita tatu kutoka kwenye egzosi. Lisogezwe. Na nguo za fundi zenye dizeli zisilowekwe pamoja na za mtoto mchanga.

Kijana alituuliza swali ambalo vijana wengi wa gereji huuliza kwa aibu: je, nguo yenye dizeli inafaa kuswalia? Masheikh wanatufundisha kwamba mafuta haya si najisi, basi swala ndani ya nguo hiyo ni sahihi, ingawa kuvaa safi mbele ya Mola ni adabu bora. Linalohitaji uangalifu ni udhu. Grisi na masizi yaliyoganda mkononi na kufanya tabaka huzuia maji kufika kwenye ngozi, basi ni lazima yaondolewe kwanza. Doa la rangi lisilo na tabaka halidhuru. Na kama Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi ajiepushe na msikiti ili asiwaudhi wengine, mwenye harufu nzito ya dizeli anaweza kujipimia. Sabuni ya unga ikichanganywa na mafuta ya kula kidogo, mkono ukasuguliwa kabla ya kutiwa maji, hutoa grisi vizuri. Huo ni ujuzi wa Bibi, si wetu.

Dizeli iliyotumika kuoshea vyuma, na oili chafu iliyotolewa, haikumwagwa mferejini. Tunalitaja kwa sababu ni nadra. Mifereji ya Mtae hupita mashambani, na maji hayo hayo huteka mtu mwingine chini yake. Fundi aliyakusanya katika dumu, na jirani mmoja akayachukua kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Si suluhisho kamili, ila ni bora kuliko mfereji.

Siku ya kufunga, vikalio vilisafishwa kwa kijiti na kitambaa, si kwa bisibisi. Nozeli ziliingizwa kwa namba zake, zikakazwa kwa spana yenye kipimo aliyoazimwa fundi kutoka Lushoto, kwani kukaza kupita kiasi hupinda ala na sindano ikanata. Kisha ikatolewa hewa: pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ilisukumwa mpaka ikawa ngumu, nati za mabomba zikalegezwa kidogo upande wa nozeli, kijana akazungusha injini, na povu lilipokoma na dizeli safi kuonekana, zikakazwa moja moja. Injini iliwaka. Ilitetemeka kwa muda, kisha ikatulia. Fundi akafunika kila unganisho kwa karatasi kavu ya daftari la shule, akasubiri. Karatasi zilibaki kavu. Oili yote ilibadilishwa pamoja na filta yake siku hiyohiyo.

Ujira ulikuwa umekubaliwa kabla ya boneti kufunguliwa, nao ulilipwa kabla fundi hajanawa mikono. Mzee alimwongezea gunia dogo la viazi. Fundi alitaka kulikataa, Bibi akamwambia si lake, ni la watoto wake.

Dalali alirudi baada ya wiki moja akiwa na mnunuzi. Mzee hakukataa kuuza. Alimwonyesha mgeni karatasi aliyokuwa ameiandika pamoja na kijana: nozeli 2 zimewekewa ncha mpya, 4 zimesafishwa na kupimwa, wosha zote mpya, hita 1 mpya, oili ilikuwa imechanganyika na dizeli kwa muda usiojulikana hivyo bearingi hazina dhamana, na sili ya mbele ya pampu inatoa jasho, haijatengenezwa. Mnunuzi aliisoma mara mbili, akataja bei iliyo chini ya ile aliyotamani dalali. Mzee akasema atafikiri.

Tulipoondoka alikuwa bado anafikiri. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, jiwe chini ya gurudumu, na sili ya pampu ilikuwa imeahidiwa kubadilishwa viazi vya msimu huu vikishauzwa Lukozi.